Samadi Isiyoiva

"Muulize yeye," daktari alimwambia muuza mbolea. "Mimi nakaa tu kwenye ile nyumba. Nyasi ni zake."

Muuza mbolea alimgeukia mtunza bustani, mama wa makamo aliyesimama mlangoni mwa duka na kandambili zenye udongo. Miaka mitatu alikuwa akimwagia nyasi mbolea za viwandani alizoletewa na daktari, na miaka mitatu nyasi ziliungua mabaka mabaka. Juzi ndipo alipothubutu kumwambia daktari wajaribu mbolea ya asili.

"Chukua hii, mama," muuza mbolea alisema, akipigapiga gunia la mbele. "Samadi ya ng'ombe, imeoza barabara."

Mama alifungua kamba, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akautuliza humo. Ndani kulikuwa na joto kama la uji uliotoka jikoni. Alipoutoa, harufu kali ya mkojo ilimchoma puani.

"Haijaiva," alisema taratibu. "Bado inachemka. Nikiimwaga leo, nyasi zitaungua tena."

"Mama, nauza mbolea mwaka wa ishirini huu."

"Hongera, baba. Lakini hili gunia nimelishika mimi. Weka na wewe mkono."

Muuza mbolea alisita. Daktari ndiye aliyekunja shati lake jeupe, akazamisha mkono, akautoa haraka.

"Ni moto kweli," alisema. "Mpishe achague mwenyewe."

Mama alikuwa ameshawapita wote wawili, kichwa juu, anafungua gunia la pili.