Jina Langu Mbele

Tangu lini bosi akatanguliza jina la mtu mwingine kwenye ripoti? Safari hii kaweka langu, eti nimejituma.

Ripoti inaonyesha nyota zilivyozaliwa kwa wingi enzi za kale, kwa mujibu wa mawimbi ya redio ya angani yanayonaswa na dishi letu. Grafu aliyoichora ilipendeza mno. Machale yakanicheza.

Nikatoka kimyakimya hadi kwenye dishi, nikachomoa waya pekee unaopeleka mawimbi kwenye kompyuta yake. Ncha ya shaba ilikuwa na joto la jua. Nikaifumbata.

Simu ikalia. Bosi.

“Uko wapi, mdogo wangu? Njoo uone! Mawimbi yanaingia sasa hivi, safi, hayajapata kuingia hivi. Hongera, nyota hizi zote ni zako!”