Mlaji wa Niaba

Tangu viruhusiwe vikuku vya mkononi vya kuhamisha lishe ya mlaji hadi mwilini mwa mtu mwingine aliyevishwa kimoja, Nasikiwa alikuwa ameajiriwa kula. Shirika la hisani lilimtaka ale kwa niaba ya vijana wenye maradhi ya kukikataa chakula. Yeye alitafuna, wao wakanawiri.

Jioni ile mumewe alimsukumia sahani ya makande. "Watoto wa watu unawashibisha, chakula changu unakinusa tu. Chungu cha nyumba hii kina sumu?"

"Sina hamu, Baba Ndeshi."

"Hamu umeiuza. Jitazame mifupa."

Nasikiwa aliisogeza sahani kando, kwani kula kwa ajili ya nafsi yake kulikwisha kumtia kinyaa.

Ndipo binti yao Ndeshi, ambaye naye hakuwa amegusa chake, akaisogeza sahani yake mbele ya mama na kuunyosha mkono wake mwembamba.

"Nivishe kikuku, mama," alisema kwa adabu. "Kula na changu."

Baba aliacha kutafuna.