Ulimi Uliorudi Ndani

Nesi aliinua kitambaa kilichofunika mdomo wa mgonjwa, akabonyeza kitufe. Ulimi ulitakiwa kusogea nje, ili mgonjwa akilala, kifaa walichompandikiza kifuani kimfungulie njia ya hewa. Badala yake ulirudi ndani kama kichwa cha kobe.

"Tena," alisema daktari.

Ulirudi ndani tena.

Waya wa kifaa ulikuwa umefungwa kwenye mshipa wa fahamu usiohusika. Jaribio hilo hufanywa kabla ya kushona, lakini leo daktari alitaka kuvunja rekodi yake mwenyewe, akashona kwanza. Chini ya kidevu mshono ulikuwa umenyooka, mwembamba kama unywele.

"Haraka haraka..." alisema nesi, hakumalizia.

"Mkewe ameshaambiwa?"

"Si uliagiza aambiwe tumemaliza salama? Kumbe miaka yote hulala jicho moja wazi, anamtikisa mzee apumue. Aliposikia mambo ni shwari, usingizi ukamchukua palepale kwenye benchi. Nimwamshe?"

Daktari alichukua mkasi, akauingiza chini ya uzi wa kwanza.

"Mwache alale," alisema.