Ukurasa wa Kusafisha Viti

Asubuhi ile Geneva Hoekstra alikuwa ameshaieleza mahakama jinsi alivyomuua mumewe, na hakuna hata mmoja aliyemchukia. Karani alimsogezea boksi la karatasi laini. Watu kumi na wawili waliochaguliwa kuamua kesi walimtazama kama mtu anavyomtazama mama yake akiwa mgonjwa.

Siku ya msiba alirudi kutoka dukani akiendesha gari lao jipya, alieleza, lile la kubonyeza kitufe badala ya kuchomeka ufunguo. Akaliingiza kwenye banda lililoshikana na nyumba, akateremsha mlango maana theluji ilikuwa inapeperushwa ndani. Ufunguo akautia mkobani. Injini ilikuwa tulivu mno, akadhani imejizima yenyewe. Dada yake alikuwa anamngoja barabarani, wakaenda kanisani kupika supu ya wazee. Delwyn, mumewe, alikuwa na mafua, amelala kwenye chumba cha juu ya banda. Moshi ulimkuta usingizini na haukumwamsha.

Sasa alikuwa ameishtaki kampuni iliyotengeneza gari. Alichotaka alikuwa amekisema waziwazi kwa mchungaji na kwa kila aliyemuuliza: mahakama itamke kwamba kampuni ndiyo iliyomuua Delwyn, ili watu wa kanisani waache kumtazama kwa pembe ya jicho na yeye apate usingizi.

Na kampuni ilistahili kushtakiwa. Kitabu cha gari kilikuwa kinene kuliko Biblia ya Delwyn, na kwa herufi nyekundu kilimwonya mwenye gari asinywe maji ya betri. Kilimkataza kupanda juu ya paa gari likiwa linakwenda. Lakini kwamba injini inaweza kuendelea kuunguruma hata baada ya mwenye ufunguo kuondoka, na moshi wake ukaua watu waliomo nyumbani, hilo lilipewa sentensi moja ya herufi za mchwa katika ukurasa wa kusafisha madoa ya kahawa kwenye viti. Ni nani aliyelitupa pale, kampuni ilishindwa kusema. Mabwana wale walimhurumia zaidi mnywaji wa maji ya betri.

Wakili wa Geneva, Pete Zylstra, alikuwa amemfunda kwa subira. Ashike mambo mawili tu. Kwanza, kitabu alikisoma, la sivyo watasema hata onyo lenye ukubwa wa ghala lisingemsaidia. Pili, onyo lile hakuliona.

"Jibu unachoulizwa, mama, kisha nyamaza," alimwambia. "Mdomo uliponza kichwa."

Wakili wa kampuni alikuwa mwanamke kijana, Colette Abernathy, mwenye sauti ya upole. Alianza kwa kumpa pole. Kisha akauliza kama marehemu aliwahi kukisoma kitabu cha gari.

"Delwyn?" Geneva alisema. "Binti yangu, Delwyn hakusoma hata maandishi ya chupa ya dawa. Kwake, mwanaume kusoma maelekezo ilikuwa aibu. Mimi ndiye msomaji. Yeye alikuwa mcheshi."

Wale kumi na wawili wakacheka, na Geneva akatabasamu huku machozi hayajamkauka. Akawasimulia jinsi Delwyn alivyokuwa akizicheka pai zake, miwani yake, na namna yake ya kurudisha gari nyuma, na hasa wakiwepo wageni. Naye alicheka pamoja nao, maana ndoa ndiyo hiyo. Mama mmoja katika safu ya mbele alitikisa kichwa kama mtu anayeyajua hayo. Pete alinyoosha miguu chini ya meza, akaona kesi imekwisha.

"Kwa hiyo ulisoma kila ukurasa," Colette alisema. "Na huu wa kusafisha viti?"

"Niliusoma pia. Nikaona habari za madoa. Onyo sikuliona."

Colette alikifungua kitabu, akapita nacho polepole mbele ya wale kumi na wawili. Alisema haelewi. Sentensi ni fupi na maneno yake ni mepesi, hata mtoto wa shule angeyaelewa. Msomaji mzuri kiasi hicho, na miwani yake puani, alilipitaje onyo hilo? Labda, alisema kwa upole uleule, Bi. Hoekstra si msomaji kama anavyojidhania.

Mtu mmoja katika safu ya nyuma aliachia tabasamu dogo. Geneva aliliona, na likamchoma. Kufanywa mjinga mbele za watu alikuvumilia nyumbani kwake umri wote wa ndoa. Hapa hakuwa tayari kukuvumilia tena, na kwa huyu mtoto aliyezaliwa juzi ndiyo kabisa. Pete alimkazia macho amtulize, lakini yeye alikuwa ameshawageukia wale kumi na wawili.

"Msidanganywe," aliwaambia. "Ukurasa ule, hata ukijua unachokitafuta, hukioni. Mimi niliupita mara mbili, kidole kinafuata mstari kwa mstari, na Delwyn yuko palepale kwenye kochi na mafua yake, ananicheka, ananiuliza natafuta nini kwenye kitabu cha gari."

Alingoja wacheke. Colette alikifunga kitabu taratibu.

"Na ulimjibu nini, Bi. Hoekstra?"