Fatiha Isiyosikika

Tangu kila mtu atiwe sikioni kidude kinachomfutia sauti yake mwenyewe, ili asikie ya wenzake tu, Bi Mwanakheri hakuwa na hakika na sala zake. Alifundishwa chuoni kwa maalimu kwamba Fatiha usiyojisikia ukiisoma haisihi. Midomo ilicheza, masikio kimya. Akarudia mpaka koo likamkauka.

Mwisho akamwita bintiye. "Saumu mwanangu, kaa hapa unisikilize."

Akasali, akatoa salamu, akageuka. "Nimesoma?"

"Umesoma, mama, tena vizuri."

"Alhamdulillahi."

Saumu akainamisha uso. "Ila kila rakaa, ukifika katikati, unamwita marehemu baba aje kula."

Bi Mwanakheri akasimama tena kuelekea kibla, asithubutu kufungua mdomo.