Sauti ya Pili

Katikati ya wimbo Constantin alinyamaza, vidole vikaendelea kutembea juu ya piano. Hapo ndipo Mélanie alipozoea kuingia na sauti ya pili. Hakuingia mtu. Ukumbi wa parokia, uliojaa hadi mlangoni, ulisikiliza piano peke yake, na mwanamke mmoja kwenye benchi za mbele akaangua kilio.

Constantin akarudi kuimba. Alipomaliza, watu walisimama wakapiga makofi hadi mabati yakaitika.

Zamani waliimba wawili, yeye kwenye piano na mke wake pembeni. Waliimba harusi za mtaa wa Kadutu na sikukuu za kijiji cha Miti, na mara nyingi watu walikula na kuzungumza bila kugeuza shingo. Halafu uvimbe ukamwota Mélanie kooni.

“Nilimusindikiza mpaka kwa mulango ya chumba ya operesheni,” Constantin aliwaambia watu kabla ya wimbo wa mwisho. “Akaniimbia kidogo, akacheka. Ile sauti sikuisikia tena.”

Akageukia piano. Ukumbi mzima ulikuwa umeshika leso.

Wiki ile Steve, kijana aliyerekodi tamasha, alimwita studioni.

“Tonton, hapa kwenye kimya, tutie sauti ya mutu? Fabiola anaweza kuimba.”

“Acha hivyo.”

“Na huyu maman mwenye kulia? Nimutoe?”

Constantin alisikiliza kilio kile mara mbili, kichwa kikiwa chini.

“Umuongeze kidogo,” alisema.

Albamu ikatoka, piano na sauti moja, na makofi yake yote. Nyimbo zilezile ambazo harusini hazikumgeuza mtu, sasa zililia katika kila saluni na kila teksi ya Bukavu. Wanawake wasiomjua walimsimamisha njiani, wakamshika mikono yote miwili. “Pole, papa. Mungu akutie nguvu.” Siku za mwanzo alifungua mdomo kujibu, nao wakazidi kumpa pole. Baadaye akazoea kuinamisha kichwa tu. “Asante, maman.”

Mchana mmoja Adèle, mtangazaji wa redio, akamwalika aongee moja kwa moja hewani. Simu zikamiminika. Wa mwisho kupiga alikuwa Ghislaine, kutoka Miti.

“Papa Constantin, siye bamaman ba parokia tumechangisha maua. Tunataka kumupelekea bibi yako. Kaburi yake iko wapi?”

Adèle alimsogezea kipaza sauti. Constantin aliutazama mkono wake mwenyewe juu ya meza, pete ikiwa bado kidoleni.

“Iko mbali, maman,” alisema. “Kule Mumosho.”

“Tutafika! Tutakodi gari.”

“Hapana.” Sauti ilimpasuka, na haikuwa ya kuigiza. “Muniachie ile kaburi. Ni yangu peke yangu.”

Ghislaine akaanza kulia hewani. Adèle, machozi yakimlenga, akauweka wimbo wa mwisho wa albamu.

Constantin alitoka redioni akashuka kwa miguu chini ya manyunyu, kola ameipandisha. Dereva mmoja alimpigia honi, akaweka mkono kifuani kwa heshima. Muuza ndizi alimkatalia malipo. “Kula, papa, umekonda.” Alizipokea. Kadiri alivyokaribia kwake ndivyo hatua zilivyokuwa fupi, na mlangoni alikaa sana akifuta matope ya viatu vilivyokwisha kutakata.

Ndani palinukia mboga ya fumbwa na samaki. Redio ilikuwa bado ikicheza albamu yake, yule mwanamke wa benchi za mbele akilia kwa sauti waliyomwongezea, na meza ilikuwa imeandaliwa kwa wawili.

Mélanie aliinua uso, kovu likiwa limemzunguka shingo kama uzi mweupe. Akafungua kinywa, ikatoka pumzi tupu kama ilivyotoka tangu siku ya operesheni. Kisha akainuka, akachukua sahani yake, akaifuta kwa kitambaa na kuirudisha kabatini, akampakulia mume wake.