Pete ya Korongo

Alikuwako Bi Korongo aliyevaa pete ya dhahabu mguuni. Mfalme Tai humpa pete hiyo ndege aendaye ng'ambo ya ziwa na kurudi mara mia kwa mwaka. Mwenye pete hukaa tawi la juu. Wengine hubanana chini.

Mwaka ukiishia, Kasuku, karani wa Tai, akaja mbio. "Bado safari mbili, Bibi. La sivyo, unashuka!"

Korongo akaenda ng'ambo, hana analolifuata, akarudi. Akapitia kiotani kunywa maji. Kinda lake moja likajificha nyuma ya baba yake.

"Baba, huyu mgeni anamtaka nani?"

Korongo akaivua pete, akamtupia Kasuku aliyemfuata kuhesabu safari.

"Bado moja tu!" Kasuku akalia.

"Mwambie Tai aende mwenyewe. Mabawa haya nimezaliwa nayo, hakunipa yeye."

Akashuka tawi la chini, akabanana na wanawe.